Kuchuja na kupanga rekodi katika jedwali la kazi: maombi ya malipo ndani ya Airtable

Ofisi inayoshughulikia maombi ya malipo kwa programu ya mtiririko wa kazi kwa kawaida huanza na jedwali dogo ambalo kila mtu hulisoma kwa macho tu. Miezi michache baadaye mistari imefika mamia, na mhasibu anayetafuta maombi yaliyoidhinishwa ambayo hayajalipwa hushuka na kupanda kwenye kioo hadi achoke, kisha humpigia simu afisa manunuzi kumuuliza jambo ambalo limekwisha andikwa kwenye jedwali hilohilo. Kazi hiyo hufanywa na zana mbili: kuchuja, yaani kuiambia programu ionyeshe mistari inayotimiza masharti fulani peke yake, na kupanga, yaani kuamua mistari iliyobaki ifuatane kwa utaratibu upi.

Mwongozo huu unatumia Airtable, programu ya mtandaoni ya Marekani, kwa kuwa ina kiwango cha bure kinachotosha kujifunzia na mantiki yake haitofautiani sana na ya programu nyingine za aina hiyo. Vitufe vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo vitatajwa hapa kama vinavyoonekana kwenye kioo. Jedwali la mfano lina safu saba: Namba ya Ombi, Idara, Mwombaji, Kiasi, Hatua, Tarehe ya Kuomba na Mwisho wa Kulipa. Safu ya Hatua ina chaguo tano ambazo kila ombi hupitia kwa zamu au huishia njiani: Limepokelewa, Linakaguliwa, Limeidhinishwa, Limelipwa na Limekataliwa.

Kwanza kagua aina ya kila safu

Kichujio hakiwezi kuwa bora kuliko safu kinayoichuja. Katika Airtable kila safu hupewa aina yake: maandishi, namba, tarehe, chaguo moja kutoka kwenye orodha, mtumiaji, kisanduku cha tiki na kadhalika. Aina hiyo ndiyo inayoamua ni masharti gani unaweza kuyaweka na mistari itafuatanaje ukiipanga. Kosa linaloonekana mara nyingi ni safu ya Kiasi iliyoachwa kuwa maandishi, pengine kwa sababu aliyeitengeneza alitaka kuandika “TSh 450,000” pamoja na herufi zake. Safu ya namna hiyo haijumlishiki, na huwezi kuiuliza ni maombi yapi yanayozidi shilingi milioni moja.

Ipo njia ya haraka ya kuligundua tatizo hili. Ukiwa ndani ya dirisha la kichujio, chagua safu ya Kiasi kisha tazama orodha ya ulinganishi inayojitokeza. Ukiona alama kama “=”, “>” na “<”, safu ni ya namba na uko salama. Ukiona maneno kama “contains”, yaani ina maandishi fulani ndani yake, safu ni ya maandishi na inapaswa kubadilishwa kabla hujaendelea. Badilisha aina yake kuwa namba au sarafu, kisha upitie mistari yote kwa sababu visanduku vilivyokuwa na maneno kama “laki nne na nusu” vitabaki vitupu baada ya ubadilishaji. Ni busara kuinakili safu ya zamani kwanza, ili uwe na cha kulinganishia.

Safu ya Idara nayo isiachwe huru. Kila mtu akiandika anavyopenda, idara moja itakuwa na majina matatu: “Usafirishaji”, “Usafiri” na “Idara ya Usafirishaji”. Kichujio kinachodai thamani iwe sawasawa na “Usafirishaji” kitayaacha mengine nje bila kukuonya. Ifanye safu hiyo kuwa ya chaguo moja, unganisha majina yanayofanana, na tatizo litakuwa limekwisha.

Sharti la kwanza

Fungua jedwali katika mwonekano wa gridi, yaani namna ya kulionyesha jedwali kwa mistari na safu. Juu ya mistari kuna mwambaa wa vitufe; bofya kile chenye neno “Filter”, kisha “Add condition”. Sharti lina sehemu tatu zinazosomwa kama sentensi: safu unayoichuja, namna ya kulinganisha, na thamani unayoitaka. Chagua Hatua, kisha “is”, kisha Limeidhinishwa. Mistari mingine itatoweka papo hapo, na kitufe chenyewe kitabadilika rangi na kuonyesha jina la safu iliyochujwa.

Kubadilika huko kwa kitufe ndiko kitu cha kwanza cha kutazama kila unapoingia kwenye jedwali na kuhisi kwamba kuna rekodi iliyopotea. Kichujio hakifuti chochote, kinaficha tu. Mara nyingi rekodi inayodaiwa kufutwa ipo mahali pake na imefichwa na sharti ambalo mtu mwingine aliliacha juzi. Idadi ya rekodi iliyoandikwa chini ya gridi, pamoja na majumlisho yanayokaa kwenye ukanda huohuo, nayo huhesabu mistari inayoonekana peke yake. Ukimtumia mkurugenzi jumla ya Kiasi ukiwa umechuja idara moja, utakuwa umemtumia jumla ya idara hiyo, hata kama mwenyewe ulidhani ni ya ofisi nzima.

Ukiongeza rekodi mpya ndani ya mwonekano uliochujwa kwa sharti kama hili, programu huijaza yenyewe thamani inayotakiwa na kichujio. Mstari mpya ulioanzishwa katika mwonekano wa maombi yaliyoidhinishwa utazaliwa ukiwa na hatua ya Limeidhinishwa, ingawa hakuna aliyeuidhinisha. Kwa jedwali la fedha hilo si jambo dogo. Maombi mapya yaingizwe kwa fomu au kwa mwonekano usiochujwa kabisa.

“Na” na “au”

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Masharti yakiwa mawili au zaidi, huunganishwa ama kwa “And”, ambapo mstari hutakiwa kuyatimiza yote, ama kwa “Or”, ambapo kutimiza moja kunatosha. Katika ngazi moja huwezi kuvichanganya viunganishi hivyo viwili: ukibadilisha kimoja, vyote vya ngazi hiyo hubadilika pamoja nacho.

Tuchukue maombi manne. La kwanza ni la Usafirishaji na limeidhinishwa. La pili ni la Usafirishaji pia, ila bado linakaguliwa. La tatu ni la Ghala na limeidhinishwa. La nne ni la Utawala na limeidhinishwa. Mkuu wa fedha anasema: “Niletee maombi yaliyoidhinishwa ya Usafirishaji na ya Ghala.” Yeyote anayemsikia anajua kwamba anataka la kwanza na la tatu.

Sasa ukiandika masharti matatu, yaani Idara ni Usafirishaji, Idara ni Ghala, Hatua ni Limeidhinishwa, na kuyaunganisha kwa “And” kama mkuu alivyotamka, jedwali litabaki tupu, kwa kuwa hakuna ombi moja ambalo ni la idara mbili kwa wakati mmoja. Ukigeuza kuwa “Or”, yatatokea yote manne: la pili limepita kwa kuwa ni la Usafirishaji, na la nne limepita kwa kuwa limeidhinishwa. Matokeo haya ya pili ndiyo ya hatari zaidi. Jedwali tupu humshtua mtu akarudi kukagua, lakini jedwali lililojaa hupokelewa kama jibu.

Ziko njia mbili za kuondokana na hali hiyo. Iliyo nyepesi ni kutumia ulinganishi wa “is any of” kwenye Idara na kuchagua Usafirishaji na Ghala pamoja, kisha kuongeza sharti la Hatua kwa “And”. Masharti yanabaki mawili na yanasomeka kwa urahisi. Ya pili ni “Add condition group”, inayofungua boksi la ndani lenye kiunganishi chake lenyewe: ndani ya boksi unaweka idara mbili kwa “Or”, na nje yake unaweka Hatua kwa “And”. Boksi hilo hulazimu pale masharti yanapogusa safu tofauti, mathalani unapotaka maombi yaliyoidhinishwa ambayo ama yanazidi shilingi milioni moja ama yamepita siku ya mwisho ya kulipa.

Ukishaandika kichujio chenye boksi, kijaribu kwa rekodi unazozijua. Chukua moja ambayo lazima ionekane na moja ambayo haipaswi kuonekana kamwe, kisha uzitafute zote mbili. Kukagua zile zilizotokea peke yake hakutoshi, kwa sababu kosa la kichujio huwa limo katika zile zilizoachwa nje.

Tarehe

Sharti la tarehe linaweza kutaja siku kamili, kwa mfano kabla ya tarehe 1 Julai, au linaweza kuhesabu kutoka leo: leo, jana, wiki iliyopita, siku kadhaa zijazo. Kwa kazi inayoendelea kila siku tumia namna ya pili. Mwonekano wa maombi yaliyochelewa huandikwa kwa masharti mawili yaliyounganishwa kwa “And”: Mwisho wa Kulipa ni kabla ya leo, na Hatua si mojawapo ya Limelipwa na Limekataliwa. Mwonekano huo utajihuisha wenyewe kila siku bila mtu kuugusa. Siku kamili zifae ripoti za kipindi kilichofungwa, kama robo ya mwaka wa fedha unaoanza Julai.

Kwa ofisi zilizoko Tanzania, Kenya au Uganda kuna jambo la saa za eneo. Safu ya tarehe inayobeba na saa inaweza kuwekwa isomeke kwa saa za GMT, ilhali sisi tuko saa tatu mbele. Ombi lililoingizwa saa nane usiku kuamkia Jumanne huko Dodoma litasomeka kuwa la saa tano usiku wa Jumatatu, na kichujio cha “leo” kitaliacha nje. Anayefanya kazi mchana huenda asilione tatizo hili maishani mwake, lakini hospitali, bandari na kampuni za ulinzi hufanya kazi usiku pia. Fungua mipangilio ya safu husika na uhakikishe eneo la saa ni moja kwa watumiaji wote.

Visanduku vitupu

Kisanduku kitupu si sifuri, na wala si “hapana”. Ukichuja kwa kusema Hatua si Limelipwa, utapata maombi ya hatua nyingine zote pamoja na yale ambayo hayana hatua yoyote. Kinyume chake, ukisema Mwisho wa Kulipa ni kabla ya leo, maombi yasiyo na tarehe hayatatokea hata kama yamekaa mwaka mzima. Hayo ndiyo maombi yanayosahaulika hadi mwombaji mwenyewe aje mlangoni.

Chanzo chake mara nyingi ni fomu. Fomu ya waombaji haiulizi Hatua, kwa kuwa si kazi ya mwombaji kuijaza, na hivyo ombi huingia likiwa tupu upande huo na kukosekana katika mwonekano wa Limepokelewa ambao karani huufungua kila asubuhi. Tengeneza mwonekano mmoja mahususi wenye sharti la “is empty” kwenye Hatua, na sharti lingine la namna hiyo kwenye Mwisho wa Kulipa, ukiyaunganisha kwa “Or”. Mtu mmoja apewe jukumu la kuhakikisha mwonekano huo hauna kitu ifikapo jioni.

Kupanga

Baada ya kuchuja, bofya “Sort” na uchague safu. Anza kuchuja kabla ya kupanga, kwa sababu mistari michache ni rahisi kuihakiki kuliko mia tano. Wale waliozoea Excel hawana haja ya kuogopa hapa: kule, mtu akiteua safu moja na kuipanga peke yake huweza kutenganisha majina na kiasi chao, lakini katika jedwali la aina hii mstari ni rekodi moja isiyogawanyika, na kupanga hubadilisha mfuatano wa rekodi tu.

Namba hupangwa kwa ukubwa, tarehe kwa kutangulia, maandishi kwa alfabeti. Safu ya chaguo moja ina utaratibu wake, nao ni wa faida kubwa katika mtiririko wa kazi: hufuata mpangilio wa chaguo zenyewe kama zilivyoorodheshwa katika mipangilio ya safu. Kwa alfabeti, hatua zetu zingefuatana hivi: Limeidhinishwa, Limekataliwa, Limelipwa, Limepokelewa, Linakaguliwa, mfuatano ambao unaweka ombi lililokataliwa mbele ya lililopokelewa asubuhi ya leo. Kwa chaguo zilizoorodheshwa vizuri, zitafuata safari halisi ya ombi. Hivyo kabla hujapanga kwa Hatua, fungua mipangilio ya safu hiyo na uziburute chaguo hadi zikae kwa mfuatano wa kazi.

Unaweza kupanga kwa safu zaidi ya moja, na hapo utangulizi una maana kubwa. Safu ya pili hutumika tu pale mistari inapolingana katika safu ya kwanza. Ukitanguliza Hatua, kisha Mwisho wa Kulipa, kisha Kiasi kuanzia kikubwa, utapata maombi yaliyokusanyika kwa hatua, ndani ya kila hatua yakitangulia yanayodaiwa mapema, na yale ya siku moja yakianza na makubwa. Ukitanguliza Namba ya Ombi, safu zinazofuata hazitakuwa na kazi yoyote, kwa kuwa hakuna namba mbili zinazolingana. Ndivyo ilivyo pia kwa tarehe yenye saa na dakika, ambayo ni nadra kujirudia.

Visanduku vitupu hukusanyika upande mmoja wa jedwali, mara nyingi juu kabisa unapopanga kuanzia kidogo. Kama vinakusumbua, ongeza sharti la “is not empty” kwenye kichujio, ilimradi ule mwonekano wa visanduku vitupu uliokwisha tajwa upo.

Katika dirisha hilohilo la kupanga kuna swichi ya kupanga kiotomatiki. Ikiwa imewashwa, mstari huhama mara tu unapobadilisha thamani yake, jambo linaloweza kumkera anayehariri mistari mingi mfululizo, kwani anabadilisha Hatua na ombi linamkimbia machoni. Ikiwa imezimwa, programu hupanga mara moja tu na baada ya hapo unaweza kuiburuta mistari kwa mkono. Kwa mwonekano wa kusoma, iwashe. Kwa wa kuhariri, izime.

Kitufe cha “Group” hufanya kazi iliyo jirani na hiyo: huikusanya mistari yenye thamani moja chini ya kichwa kimoja na kuonyesha jumla ya kila kundi. Kwa mkutano wa Jumatatu, jedwali lililokusanywa kwa Idara lina manufaa kuliko lililopangwa kwa Idara, kwani kila mkuu wa idara anaiona jumla yake bila kupiga hesabu.

Mwonekano ni wa nani?

Vichujio na mipangilio ya namna hii huhifadhiwa ndani ya mwonekano, na jedwali moja linaweza kuwa na mionekano mingi inayosoma rekodi zilezile. Kwa kawaida mwonekano ni wa pamoja: ukiongeza sharti, kila aliyeufungua atauona umebadilika. Katika Google Sheets watu hupata usumbufu kama huo wanapowasha kichujio cha kawaida kwenye faili la pamoja badala ya kutumia mwonekano wa kichujio. Kwa hiyo usichuje mwonekano wa pamoja kwa ajili ya swali lako la dakika tano. Unakili, uupe jina linaloeleza sharti lake, kama vile “Yaliyochelewa – Ghala”, na ukimaliza uufute.

Mionekano ya kibinafsi huruhusu mwenyewe tu kuibadilisha, na iliyofungwa haibadilishwi na mtu yeyote hadi ifunguliwe. Mionekano inayotumiwa kulipa fedha ifungwe yote. Zingatia vilevile kwamba ukipakua mwonekano kama faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu, utapata mistari na safu zinazoonekana katika mwonekano huo tu, na faili lenyewe halitakuwa na alama yoyote ya kukujulisha kwamba lilichujwa. Andika sharti katika jina la faili.

Sababu ya kufunga inakuwa nzito zaidi pale mwonekano unapounganishwa na utendaji wa kiotomatiki. Airtable inaweza kuagizwa kumtumia mhasibu barua pepe kila rekodi inapoingia katika mwonekano fulani. Kuanzia hapo kichujio kinaamua nani apewe kazi gani na lini, wala si njia ya kutazama peke yake. Tuseme mwonekano wa “Tayari Kulipwa” una masharti kwamba Hatua ni Limeidhinishwa na Kiasi hakizidi milioni moja, kwa sababu maombi makubwa zaidi husubiri sahihi ya pili. Mtu akiliondoa sharti la Kiasi ili achungulie tu, maombi makubwa yanaingia kwenye mwonekano, na kila moja linaweza kumfikia mhasibu kama agizo la kulipa.

Kwa kazi kama hiyo ni afadhali kutumia kichocheo, yaani tukio linaloanzisha utendaji, cha “When a record matches conditions”, ambacho masharti yake hukaa ndani ya utendaji wenyewe, mbali na mikono ya wanaochuja gridi. Kama ni lazima kutumia mwonekano, ufunge, na uanze jina lake kwa neno USIGUSE. Unapotaka kubadilisha masharti yake kwa sababu ya kikazi, zima utendaji kwanza, badilisha kichujio katika nakala na uhesabu rekodi zilizoongezeka na zilizopungua, linganisha na orodha ya mhasibu, hamishia mabadiliko kwenye mwonekano halisi, ndipo uuwashe tena na kuujaribu kwa ombi moja la majaribio lenye kiasi cha sifuri.